Rafiki yangu ana miaka 81, na mwanawe ananishuku

BARUA

Salamu Mama,

Nina miaka 27 na ninaendesha kibanda cha M-Pesa hapa Manyatta, Kisumu, pamoja na soda na mkate. Nyuma yangu kuna ploti ya vyumba sita vya mabati. Mwenyewe ni mama mzee, mtaa mzima humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Hata wenye mvi humwita hivyo.

Tulijuana siku umeme ulipopotea tangu asubuhi. Alitoka na kigoda chake na ubao wa ajua, lile bao letu la mashimo na mbegu, akaniuliza, “Wewe msichana, unajua kucheza?” Nikasema sijui. “Sasa unakaa hapa kutwa nzima ukifanya nini?” Tangu siku hiyo, karibu miaka miwili sasa, saa kumi na moja jioni tunacheza. Ananifunga kila mara. Nikichelewa kuhesabu mbegu ananiimbia wimbo wa kunicheka wenye jina langu ndani, na wateja wanaitikia.

Huku tukicheza anasimulia. Anasema alipanda meli ya Victoria mara ya kwanza akiwa na miaka kama 19, na gunia la vikombe vya bati na miche ya sabuni, akalala sitahani juu ya gunia lake ili asiibiwe. Alikuwa akienda Musoma, Mwanza mpaka Bukoba, na huko Bukoba alijifunza kutafuna kahawa. Akifika hapo hukunja midomo akapiga honi ya meli mpaka mbwa wa jirani wabweke. Ukutani kwake kuna kamba ya ndururu, zile senti tano za zamani zenye tundu katikati. Akitaka kukumbuka safari fulani huishusha kamba akazipitisha vidoleni moja moja kama rozari.

Shida yangu ni kwamba hadithi zake hubadilika. Mara ya kwanza aliniambia usiku wa Uhuru alikuwa bandarini Mwanza akisikia honi. Mwezi uliopita akasema usiku huo alikuwa hapa Kisumu akicheza densi mpaka kiatu kikakatika. Anasema alikuwa akinunua vitu Tanzania kwa pesa ile ile ya huku, bila kubadilisha. Anasema mbuta si samaki wa ziwa letu. Kitambulisho chake kinaonyesha 1940, yeye anasema alizaliwa baba yake akiwa Burma vitani. Wapangaji wanasema ni mwongo tu, na mimi najikuta namtetea bila kujua kama nina haki. Kitu kimoja tu hakibadiliki. Tukifika mwaka wa 1977 anasema, “Meli yangu waliichukua,” halafu ananyamaza na kuanza kupanga mbegu.

Nilianza kumrekodi kwa simu. Sasa wiki mbili zilizopita kijana wake wa pili, anayefanya kazi Nairobi, alikuja bila kutoa habari. Alinikuta simu yangu iko juu ya kigoda inarekodi, na simu ya Dani, ile ya mulika mwizi, iko mkononi mwangu, kwa sababu macho yake yana ukungu na ndimi humbonyezea nambari ya siri akitaka kutoa pesa anazotumiwa. Akaniuliza mbele ya watu, “Wewe ni nani kwa mamangu? Unataka nini hapa?” Nilishindwa kujibu. Tangu siku hiyo sijavuka kwenda kwake. Juzi Dani alimtuma mtoto wa mpangaji aniulize amenikosea nini.

Rafiki zangu wanasema nitafute watu wa rika langu. Mimi simuoni kama mzee, Mama. Nina mtoto wa miaka sita anayelelewa na mamangu Ugunja, Dani hajui habari zake, sikutaka anione vibaya. Lakini hata nikimkosa mtoto wangu, jioni na Dani hunipoza. Nifanye nini? Na nitajuaje ukweli katika hadithi zake?

Mwenye kibanda, Manyatta

JIBU

Mwanangu,

Funga kibanda leo saa kumi na moja, uvuke. Mengine utayasoma ukirudi. Mtu wa miaka 81 amemtuma mtoto aulize amekosa nini, na jibu ni kwamba hajakosa lolote. Kila jioni unayokaa bila kwenda anaendelea kujitafutia kosa.

Sasa tuseme ya mwanawe, kwa maana hapo ndipo penye uzito. Umeandika jambo moja kama mtu anayepita tu, nami ndilo lililonisimamisha: wewe ndiye unayembonyezea nambari ya siri. Najua ulifanya kwa upendo. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 34 na nimeshika pochi, vitambulisho na hata meno ya bandia ya watu waliokuwa hawaoni. Lakini hebu litazame kwa macho ya kijana aliyetoka Nairobi. Mama yake ana ploti yenye wapangaji. Msichana asiyemjua ni wakala wa pesa, ana nambari ya siri ya mama, na anamrekodi sauti. Mimi ningeuliza vile vile, ila nisingeuliza mbele ya watu.

Kwa hiyo nambari hiyo iondoke kichwani mwako. Dani aibadilishe akiwa na mtu wa nyumbani kwake, wewe ukiwa mbali. Tena anaweza kuibonyeza mwenyewe. Ile simu yake ya vitufe, kitufe cha tano kina kijinundu katikati. Aanzie hapo, juu yake ni mbili, chini yake ni nane, kushoto nne, kulia sita. Mwanamke anayehesabu mbegu za ajua kwa ncha za vidole kukuzidi wewe mwenye macho hatashindwa na vitufe kumi. Na akitaka kutoa pesa, aende kwa wakala mwingine. Utapoteza kamisheni kidogo, ipoteze. Usitie sahihi karatasi yoyote inayohusu ploti hiyo, hata ya ushahidi, hata akikubembeleza yeye mwenyewe.

Kisha mpigie simu huyo kijana. Usingoje aje tena Krismasi. Mwambie jina lako kamili, kwenu ni wapi, kibanda chako kiko wapi, na kwamba nambari ya siri ulikuwa nayo na sasa huna. Hilo la mwisho litakuwa gumu kutamka, litamke hivyo hivyo. Halafu mwambie habari ya macho. Ukungu unaousema kwa umri ule mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, wengine hurudi nyumbani siku ile ile. Inawezekana kijana hajui kwamba mama yake haoni vizuri. Wazee wa aina ya Dani huwaficha watoto wao mambo kama haya kwa ustadi mkubwa, anapiga honi ya meli kila mtu acheke, na hakuna anayetazama jinsi anavyopapasa ukuta akiingia ndani. Wewe umetazama. Mpe mwanawe hiyo habari, na ujitolee kumsindikiza mama hospitalini pamoja na mtu wa nyumbani.

Nije kwenye hadithi. Umeniuliza utajuaje ukweli, na nimefurahi kwamba umeniandikia zile zinazokutatiza, maana nyingi ni kweli tupu na anayezishangaa ni umri wako.

Pesa moja ilikuwepo. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki mpaka 1966, kila nchi ilipotoa yake. Dani alipokuwa na miaka 20 aliweza kuuza vikombe Kisumu asubuhi na kununua mchele Mwanza kwa sarafu zile zile zilizokuwa zikilia kwenye kitambaa kiunoni. Ndururu zilizo kwenye kamba yake ni za wakati huo.

Mbuta naye ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala wengi wa samaki wadogo tuliowakuta. Muulize kuhusu ngege wa zamani, na fulu, uone uso wake.

Kuhusu umri, namwamini Dani kuliko kitambulisho. Askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana Burma mwaka wa 1944, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa baba akiwa huko ana miaka 81 au karibu na hapo. Wanawake wa Kenya hawakuwa wakipewa vitambulisho kabisa mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Dani alikuwa mtu mzima mwenye watoto, amesimama kwenye foleni, karani anamtazama na kukisia mwaka. Mama yangu mzazi aliandikwa mwaka mmoja na dada yake mdogo, na si mapacha.

Meli pia ni kweli. Victoria ilitengenezwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo hapo Kisumu na kuanza safari mwaka wa 1961. Ilizunguka ziwa lote, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na kurudi. Marehemu mume wangu alikuwa mtoto wa fundi wa bandarini, alikuwa akisema meli hiyo ikiingia usiku na taa zake, watoto wa reli walikuwa wanaamshwa na mwanga wala si na honi. Wakati huo huo mvua zile za kuelekea Uhuru zilinyesha hata ziwa likapanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Dani akikuambia maji yalifika mahali ambapo leo pana nyumba, usibishe. Uliyaona mwenyewe mwaka wa 2020 huko Dunga, na yale yalifikia alama ya 1964.

Ya usiku wa Uhuru sikiliza. Uhuru ulikuwa tarehe 12 Desemba 1963. Jamhuri ikawa 12 Desemba 1964. Tarehe moja, bendera zile zile, honi zile zile, miaka miwili mfululizo. Mtu anaweza kukatika kiatu Kisumu mwaka mmoja na kusikia honi Mwanza mwaka uliofuata, na baada ya miaka 60 usiku hizo mbili zikawa zinalala kitanda kimoja. Usimuulize ni mwaka gani. Muulize kiatu kilikuwa cha rangi gani na alirudije nyumbani. Muulize gunia alilibeba nani kutoka gatini, chakula cha melini kilikuwa kipi, na choo je. Mtu akijibu hayo, mwaka utakuja wenyewe ukishikilia pindo la kitu kingine.

Nikiwa muuguzi niseme pia hili kwa haraka. Hadithi ya miaka 60 iliyopita kubadilika kidogo si ugonjwa. Akianza kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, akiacha jiko likiwaka, akipotea njia ya choo chake mwenyewe, hapo mwambie mwanawe. Na akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Kwa wazee mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, au upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mwaka wa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo. Tanzania ilifunga mpaka mwezi wa Februari, na mpaka haukufunguliwa tena mpaka 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa, na Victoria ikabaki Tanzania. Kwa hiyo anaposema meli yake waliichukua, anasema jambo lililotokea. Dani alikuwa na miaka 33, biashara yake yote ilikuwa juu ya maji yale, na siku moja maji yakawa ukuta. Ukitazama vizuri, hasemi tu kwamba alipoteza biashara. Mtu hanyamazi hivyo kwa sababu ya vikombe vya bati. Huenda kulikuwa na mtu ng'ambo. Usimvute. Akipanga mbegu, nawe panga za upande wako.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilivuta. Mwaka wa 1986 nilikuwa Nakuru, nina miaka 24, nimepanga chumba Bondeni. Chumba cha pili kilikuwa cha mama mmoja mzee ambaye ujana wake wote alichuma pareto upande wa Molo. Maua yale yalimwasha mikono akawa na mabaka mpaka viwikoni, na alikuwa akiyaonyesha kama askari anavyoonyesha nishani. Mcheshi, mkali, anajua kutukana vizuri. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku ananingojea na uji. Alinisimulia jinsi alivyotoroka ndoa yake ya kwanza usiku, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Nilimchokoza kwa maswali wiki nzima nikapata yote, nikayaandika kwenye daftari. Halafu siku ya akina mama kanisani nikaombwa kusema neno, nikasimama nikasimulia, bila jina, nikidhani namheshimu. Alikuwa ameketi benchi ya tatu. Kila mtu alijua ni nani. Akakunja leso yake, akatoka, na miezi minne hakunisemesha. Uji haukuwepo. Nilikuwa nikisikia kijiko chake upande wa pili wa ukuta.

Niliomba msamaha mara mbili, hakuitikia. Jioni moja nilienda kwake sikuomba kitu. Nilikaa chini nikamwambia kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa na mimba ikatoka mwezi wa tano, na kwamba mamangu hakujua, na kwamba nilirudi kazini siku ya tatu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinitazama kitambo kirefu, akainuka akabandika sufuria. Akasema, “Sasa nawe una yako kwangu.” Tuliendelea miaka mingine sita, mpaka nilipohamishwa.

Rekodi zako zihifadhi, ila kuanzia sasa muulize kila mara kabla hujabonyeza, na akisema leo hapana, simu iingie mfukoni. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe na mlipo, maana baada ya miaka kumi hata wewe hutakumbuka. Nakili mahali pawili. Mpe mwanawe nakala, zote, hata zile anazokutukana ndani ya wimbo. Na sauti yake isiwekwe kwenye hali ya WhatsApp hata kwa sekunde kumi.

Rafiki zako wanaosema utafute rika lako uwajibu kwamba rika wanalo wao, na jioni ni yako.

Nimesoma barua yako mara tatu, mwanangu. Umenieleza baba yake Dani, meli ya Dani, kiatu cha Dani, macho ya Dani. Hakuna mahali umeandika jambo moja ulilomwambia wewe. Miaka miwili anamimina na wewe unakinga. Huyo mtoto wa Ugunja ana miaka sita, na ameingia barua hii kwa kupitia dirishani. Unaogopa Dani atakuona vibaya? Mwanamke aliyelala sitahani peke yake akiwa na miaka 19, akalea watoto, akajenga vyumba sita?

Leo ukivuka usianze na habari ya mwanawe, hiyo itafuata. Panga mbegu, mwache aanze yeye kucheza, na kabla hajafungua mdomo kuhusu Bukoba mwambie, “Dani, leo nasimulia mimi.” Kisha mtaje mtoto kwa jina.